Siku yangu moja kati ya mafunzo na mafunzo

Watu wa Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu, hutuona siku za mafunzo, tumevaa fulana zenye msalaba mwekundu, wakadhani kazi yetu huishia hapo. Mimi ni fundi cherehani, tena mfanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu hapa Bukavu. Kujitolea ni mojawapo ya kanuni saba za chama, zilizotangazwa Vienna mwaka 1965, nami niliikubali kwa moyo wote. Ninachotaka kieleweke ni zile saa za siku za kawaida, ambazo hakuna anayezihesabu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nakagua begi: glavu, bandeji, chachi, mkasi. Saa moja nawapigia wenzangu wa mtaa kujua nani atakuwa karibu, kwa kuwa mvua imenyesha usiku kucha na nyumba zetu za mbao zimeshikilia miteremko ambayo udongo wake huporomoka. Vocha ni yangu. Kuanzia saa mbili nashona.

Saa saba kasoro, mteja aliyefuata gauni la kitenge la arusi ya mdogo wake alikuwa amesimama mbele yangu, umebaki mkono mmoja tu, kijana akaingia mbio: mtoto wa jirani amemwagikiwa na maji ya maharage yaliyokuwa yakichemka. Nilimwomba mama yule radhi.

"Fundi, mimi nimekulipa. Huyo mtoto atakulipa nini?"

Nilichukua begi nikatoka.

Nilimkuta bibi ameshafungua dawa ya meno. "Bibi, hiyo tuiache kwanza, tupate maji," nilimwambia. Nilimvua mtoto bangili ya shanga kabla mkono haujavimba. Bomba lilikuwa kavu, hivyo vijana wakapokezana vidumu kutoka kwa majirani, nami nikamimina kwa kikombe, polepole, kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni. Tunafundishwa dakika 20, na dakika 20 ni ndefu mno mtoto anapolia. Hazijapita tano, mjomba wake akasema yatosha; bibi akahofia baridi itaingia mifupani; jirani mmoja akaleta mafuta ya kupikia. Kila mmoja nilimjibu kwa heshima bila kuacha kumimina, kwa sababu dawa ya meno na mafuta huchafua kidonda na haviondoi joto lililobaki ndani ya ngozi. Malengelenge sikuyapasua. Nilifunika kwa chachi safi bila kukaza, tukapanda pikipiki hadi kituo cha afya, nauli ikatoka mfukoni mwangu. Muuguzi alipofunua alikuta ngozi safi, akaanza kazi yake mara moja. Nilijivunia sana mkono ule.

Tulisubiri hadi mama wa mtoto alipofika kutoka sokoni. Niliporudi kibandani jua lilikuwa limeinama na mteja wangu alikuwa bado ameketi, kimya, mkoba mapajani. Umeme ukakatika, nikamalizia mkono wa gauni kwa tochi ya simu, mgongo ukiniuma, naye akalichukua bila kuaga.

Usiku, watoto wamelala, niliandika ripoti daftarini: saa ya ajali, umri, aina ya jeraha, nilichofanya, alikopelekwa. Mume wangu akauliza kama Jumamosi hii nakwenda tena mafunzoni. Nakwenda, na ndiyo maana sare za shule nilizoahidi kwa Jumatatu nimeanza kuzikata usiku huuhuu.