Nimerudi barabarani jamani

Aisee leo nimekimbia tena kando ya bahari Shangani!! Tangu nivunjike kifundo cha mguu sikuwahi kukimbia hata kuvuka barabara, hogo lilipotolewa mguu umekonda kuliko mwenzake, ukikanyaga mchanga unatetemeka, na watu wa hapa Mtwara wananiambia dada mbio basi tena, kaa ubangue korosho.

Aliyenipa moyo ni Conseslus Kipruto, yule Mkenya wa kuruka viunzi na maji, bando langu lote limeishia kwake. Jamaa ana dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, ya dunia London 2017, 2018 Zurich kiatu kikamvuka mapema kabisa na akashinda hivyohivyo, halafu 2019 mguu ukamweka nje sehemu kubwa ya msimu. Akaja Doha, mashindano ya dunia ya mwaka huohuo. Mita 3,000, viunzi 28 na maji mara 7, na kile kiunzi ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Mstarini yeye na Lamecha Girma wa Ethiopia bega kwa bega, Kipruto akatupa kifua, dakika 8 na sekunde 01.35, Girma 01.36. Tofauti ndo hiyo tu! Naiangalia ile video nalia kabisa.

Leo nimeenda mdogomdogo, nguzo mbili nakimbia moja natembea, kifundo kimevimba kidogo nimekikanda na barafu niliyoomba kwa wauza samaki. Keshokutwa natoka tena saa kumi na mbili asubuhi, anayetaka kampani aje, ila tusikimbizane.