Bendi ikipiga laivu studio, kamera zikae wapi?

Mwanafunzi akiingia na kamera kwenye chumba chenye bendi, macho yake hutafuta pembe nzuri ya picha. Aanze kwa fundi mitambo, yaani anayerekodi sauti. Picha ikiharibika sekunde kumi, mhariri anahamia kamera nyingine na mtazamaji hajui kitu. Sauti ikiharibika sekunde kumi, hiyo rekodi imekwenda na maji.

Tuchukue bendi ya dansi ya watu tisa: dramu, tumba, besi, solo, rithim, kinanda, tarumbeta na waimbaji wawili. Jukwaani wangejipanga mistari miwili wakitazama watu. Studio hakuna watu, kwa hiyo wapangeni duara lenye mwanya upande mmoja. Wapigaji wataonana, na wanahitaji kuonana, kwa sababu dansi huendeshwa kwa macho na vichwa: mpiga solo akiinua shingo ya gita, wenzake wanajua chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi ya kuchezeka, linaingia.

Duara linasaidia na sauti. Maiki ya kawaida ya mwimbaji husikia mbele na huziba kisogoni. Mwimbaji akiitazama dramu, kisogo cha maiki ndicho kinachoielekea. Akiipa dramu mgongo, mdomo wa maiki unaielekea dramu, na kila mnapopandisha sauti yake kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa sauti zote, mnapandisha na matoazi. Besi na kinanda viingie mikisa kwa waya kupitia kisanduku cha DI, kinachounganisha ala na mikisa bila maiki. Spika za magita zitazame ukuta, au ziwekwe chumba cha pili na waya mrefu. Tarumbeta lisimpigie mtu yeyote usoni kwenye maiki yake.

Hapo ndipo kamera zinapopata nafasi zao. Tatu zinatosha, ya nne kwa kawaida huishia kuzipiga picha zile tatu. Ya kwanza ikae kwenye ule mwanya, ionyeshe bendi nzima, isiguswe mpaka wimbo uishe. Ya pili ikae nyuma ya bega la mpiga dramu, maana huko ndiko waimbaji wanakotazama. Ya tatu ifuate mikono, na mshikaji wake avae soksi tupu: viatu vya ngozi kwenye sakafu ya mbao husikika wazi ala zikinyamaza kupisha sauti ya mwimbaji.

Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz. Wekeni kamera zote fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, sekunde 1/50. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fremu 30, na chini ya taa zetu hutoa mistari myeusi inayopanda na kushuka. Kuiondoa baadaye ni kazi ya kulia. Joto la rangi liwe namba moja kwenye kamera zote, kwa mfano 5600 K ikiwa taa ni za mwanga wa mchana. Otomatiki ya rangi izimwe, na fokasi ya otomatiki vilevile kwenye kamera ya kwanza. Taa zisichomekwe soketi moja na spika za magita. Taa yenye kifaa cha kupunguza mwanga huleta muungurumo kwenye gita, nanyi mtahangaika saa nzima mkibadilisha nyaya zisizo na kasoro yoyote.

Kiyoyozi na feni huzimwa wakati wa kurekodi. Chumba hupata joto, nyuzi hulegea, gita hutoka kwenye tyuni. Washeni kati ya wimbo na wimbo, na magita yatyuniwe upya kila mara. Simu zote ziwe kwenye hali ya ndegeni, ya mwongozaji ikiwa ya kwanza, kwa sababu ule mlio wa simu inayotafuta mtandao huingia kwenye spika.

Bila simu na bila kupiga kelele, mwongozaji atawaelekezaje washika kamera? Kwa karatasi. Siku moja kabla, sikilizeni mazoezi yaliyorekodiwa, mwandike ramani ya wimbo: utangulizi wa magita, ubeti, kiitikio, tarumbeta, ubeti, kisha chemko, na kila mahali dakika zake. Kila mshika kamera abandike nakala yake. Kamera ya tatu iwe imeelekezwa mkono wa mpiga solo sekunde nne kabla solo haijaanza. Ikifika imechelewa, mtabaki na picha ya kamera ikitafuta gita.

Kwenye kupima sauti, acheni nafasi. Vilele vikigusa −12 dB kwenye majaribio, wimbo halisi utavipandisha zaidi. Hakuna mpigaji anayegonga dramu wakati wa majaribio kama atakavyogonga kwenye chemko. Sauti iliyopasuka hairudi.

Rekodini sauti kwa 48 kHz na biti 24. Kila wimbo uanze kwa kofi moja mbele ya kamera zote, na uishe kwa kofi jingine. La kwanza ni la kuoanisha picha na sauti. La mwisho linawaonyesha kama vifaa vimeachana. Katika wimbo wa dakika tisa tofauti huwa ndogo, ila mkiacha kamera ziendelee saa nzima inaweza kufika fremu kadhaa, na midomo inaachana na maneno. Kwa hiyo oanisheni wimbo mmoja mmoja. Video za simu nyingi hazina idadi thabiti ya fremu. Zipitisheni kwanza HandBrake, programu ya kubadilisha video, ziwe 25 kamili.

Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hula MB 750 kwa dakika. Wimbo wa dakika tisa ukirudiwa mara tatu ni takribani GB 20, kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba nyimbo tatu, basi. Mtu mmoja awe wa kadi tu. Hafuti kitu mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili.

Chagueni rudio moja na mbaki nalo. Bendi isiyofuata metronomu, kifaa cha kuhesabu mwendo, huongeza mwendo kila mara tofauti, hivyo vidole vya rudio la pili havikai juu ya sauti ya la kwanza. Miguu, nyaya na uso wa anayesubiri zamu vinaweza kuazimwa kutoka marudio mengine.

Mhariri asisubiri miksi ya mwisho. Apewe ya muda, na fundi mitambo aitoe ile ya mwisho ikianza sekunde ileile na kofi likiwemo. Hapo kuibadilisha ni kuitupia mahali pake tu.