Mayai ya Shemeji na Mbegu Zangu Milioni Nne

Niliseme hili mapema ili anayetaka kucheka acheke: chumbani sikuwa na shida yoyote. Ndiyo maana kwa mwaka mmoja na nusu tuliotafuta mtoto bila kupata, nilimwacha mke wangu ahangaike hospitalini peke yake. Akapimwa homoni, akapimwa mirija, kila kitu kizuri. Mwishowe daktari wake akamwuliza, "Na mwenzio?" Hakunigombeza. Jioni ile aliweka kikopo cha plastiki chenye mfuniko mwekundu pembeni ya sahani yangu, akaendelea kula.

Majibu yakaja: mbegu milioni 9 kwa mililita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini milioni 16. Zinazotembea zilikuwa asilimia 28, kiwango cha chini ni 42. Mtu wa maabara akajaribu kunifariji: "Zipo, ila ni chache na zimechoka." Zimechoka! Mbegu zangu mimi!

Kosa langu la kwanza ni kumsimulia shemeji, kaka yake mke wangu, mtu mwenye dawa ya kila kitu.

"Shem, hilo dogo," akasema. Mayai matano mabichi, vijiko viwili vya asali, na unga wa mizizi kutoka kwenye chupa isiyo na lebo. Kila alfajiri, kabla ya mswaki. Nikamwuliza mayai yanaongezaje mbegu. Akanitazama kama mtoto mzito wa kuelewa. "Ute wa yai umeuona? Na ile nyingine umeiona? Si vinafanana?"

Nilikunywa. Siku ya kwanza nilifumba macho, lakini koo lina macho yake: kiini kinateleza kizima kizima, unakisikia kinashuka. Siku ya pili nikaziba pua. Siku ya tano nikajiona mjanja, nikatumia mrija. Usithubutu. Kiini kilikwama katikati, nikavuta kwa nguvu zote, kikapasuka na kuingia chote kwa mkupuo mmoja, nikabaki nimeshika sinki machozi yananitoka. Mke wangu alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, hakusema kitu. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Wiki ya tatu tumbo likachafuka. Kuhara, kutapika, na homa ya nyuzi 39 kwa siku nne. Nilipompigia shemeji akafurahi kabisa: "Inasafisha hiyo, usiache!" Nikaacha. Lakini nilikuwa na imani kwamba dozi ya wiki tatu imeshaingia mwilini, kwa hiyo baada ya wiki tano hivi nikarudi maabara kwa mbwembwe. Milioni 4.

Safari hii nilimwona daktari wa uzazi wa wanaume, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Swali lake la kwanza halikuhusu chakula. "Umeumwa homa miezi hii miwili mitatu?" Nikamweleza yote, na mrija. Aliinamia karatasi zake muda mrefu kidogo. Najua alikuwa anacheka.

Alichonieleza ndicho ningependa mtu angeniambia mwanzoni. Mbegu moja inachukua siku kama 74 kutengenezwa, halafu wiki moja au mbili za kukomaa kwenye mirija iliyojikunja nyuma ya korodani. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu kazi hiyo inataka ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Homa yangu ilizichoma zilizokuwa bado jikoni. Kwa hiyo kipimo cha leo kinasimulia maisha ya miezi mitatu iliyopita, na yeyote anayekuuzia kitu cha "siku tatu tu" anazungumzia nguvu za kiume. Hapo ndipo washauri wangu wote walipopotea njia. Nguvu ni suala moja, mbegu ni suala lingine. Mwanamume anaweza kuwa simba kitandani na mbegu zake zisifike popote.

Akaniuliza pia kama najidunga testosteroni, homoni ya kiume, kama wanavyofanya baadhi ya wanyanyua vyuma. Sikuwa najidunga, ila nilishangaa: kumbe homoni hiyo ikitoka nje ya mwili, ubongo unaona iko tele na kuacha kutuma ishara, na kiwanda cha mbegu kinaweza kufungwa kabisa. Akanipima nikiwa nimesimama kutafuta mishipa iliyovimba kwenye korodani. Haikuwepo. Kama unayo, ujue mboga haziondoi mshipa, nenda kapimwe kabla hujaanza kubadilisha chochote.

Nikamwonyesha kwa fahari kopo langu la zinki na asidi ya foliki, dozi ya miezi sita niliyoilipia pesa isiyo haba. Akaniambia vidonge hivyo vilishajaribiwa Marekani kwa wanandoa zaidi ya 2,300, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: mbegu hazikuboreka, watoto hawakuongezeka, kilichoongezeka ni matatizo ya tumbo. Tumbo tena! Kopo lile bado liko kabatini.

Basi nikaandika kila nilichokula kwa wiki moja. Aibu. Soda tatu kwa siku, soseji kila asubuhi, vya kukaanga kila usiku, bia za wikendi sizihesabu. Mboga ya wiki nzima ilikuwa jani moja la saladi, nalo lilikuwa la kupambia sahani. Sigara sijawahi kuvuta, hapo angalau nilikuwa na la kujisifia. Kitambi nilikuwa nakiita afya, kumbe mafuta ya mwili hugeuza testosteroni kuwa homoni ya kike.

Mpango wangu haukuwa na maajabu: samaki wenye mafuta mara mbili tatu kwa wiki, mboga, matunda, maharage, nafaka isiyokobolewa, soda na soseji kwaheri. Utando wa mbegu umejaa mafuta ya aina ile iliyomo kwenye samaki, na mafuta hayo huharibika upesi, ndiyo maana mboga na matunda vinasaidia kuyalinda. Ujanja nilioupenda ulikuwa wa lozi (almond) na jozi (walnut). Niliziweka kwenye mfuko wa kompyuta, pale pale ilipokuwa ikikaa soda. Mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea, ukakuta jozi. (Mwaka 2012 wanaume 117 walifanyiwa utafiti Marekani, waliokula gramu 75 za jozi kila siku kwa wiki 12 mbegu zao zikatembea vizuri zaidi. Fedha za utafiti zilitoka kwa wakulima wa jozi, kwa hiyo nilizila kwa tabasamu la kushuku.) Kompyuta yenyewe nikaihamisha kutoka mapajani kwenda mezani. Kilo 7 zikaondoka. Kipi hasa kilichosaidia, siwezi kuapa.

Siku ya 100, kipimo cha tatu. Siku nne za kujizuia. Wanataka kati ya mbili na saba. Nilichukulia nyumbani, na sampuli inatakiwa ifike ndani ya saa moja bila kupoa, kwa hiyo nikakibana kikopo kwapani chini ya koti, nikatembea kama mtu aliyeteguka bega. Mlinzi wa mlangoni akaniuliza nimeficha nini. Nikamwambia, "Watoto wangu." Akanipisha bila neno.

Milioni 19. Zinazotembea asilimia 43. Nimepita kwa kuchechemea, lakini nimepita, na miezi minne baadaye mke wangu akaniwekea kitu kingine pembeni ya sahani, safari hii kina mistari miwili.

Shemeji sasa anawatangazia watu wote kwamba ni mayai yake. Nimechoka kubishana naye. Juzi nilimwuliza tu, yeye mwenyewe hunywa mangapi kwa siku? Akakunja uso. "Mabichi? Mimi siwezi, shem, yananitia kinyaa."