Kutoka Lubumbashi paka ku muchanga ya Namibia, mimi na yaya

Yaya yangu, mukubwa wangu wa kuzaliwa, amefanya myaka mingi ku volani ya lori, anabeba shaba huku kwetu Lubumbashi, anapita Kasumbalesa, anakata Zambia yote, anaenda kuishusha ku bandari ya Walvis Bay kule Namibia. Ni zaidi ya kilometa 2,000. Na mu ile myaka yote hakukuwa hata siku moja alitoka mu barabara kuenda kuona jangwa, juu lori si yake na mwenye lori anahesabu masiku. Njo maana mwezi wa saba nilimwambia: yaya, hii mara twende na motoka yetu, hema, bidoni tatu za mayi na unga ya bukari, twende polepole.

Tulivuka Zambezi pale Sesheke tukaingia Namibia ku Katima Mulilo (musisahau karte ya chanjo ya homa ya manjano, sisi batu ya Kongo banatuuliza ile). Kule banaendesha kushoto na motoka yetu volani iko kushoto pia, sasa kama tunataka kudubla lori, mimi niliyekaa upande ya kuume njo nilikuwa nachungulia na kumwambia yaya pita ao ngoya. Barabara inakata katikati ya parke ya Bwabwata, tembo banavuka pale, basi usiku hatukuendesha. Kila fasi yaya alikuwa ananionyesha: hapa nililalaka mu kabine, hapa nilingojaka pine siku mbili.

Etosha ni parke ya tangu 1907. Katikati kuko uwanda ya chumvi ya kilometa za mraba karibu 4,800, nyeupe, haina muti, macho inatafuta mwisho na haiupati. Lakini fasi nilipenda kupita zote ni Okaukuejo, kampi ya ndani ya parke. Unapiga hema yako, mangaribi banafunga mageti, unakula bukari yako, kisha unaenda kukaa ku ukuta mbele ya kisima chenye taa, unanyamaza tu. Tulikaa masaa. Kifaru mweusi alikuya peke yake, akakunywa, kisha tembo na batoto yabo, na batu yote pale hakuna aliyesema neno, unasikia paka mayi inaingia mu koo ya tembo. Yaya alikuwa amenishika mukono kama zamani tulikuwa badogo.

Kutoka pale kuenda Sesriem, geti ya parke ya jangwa la Namib, ni changarawe mingi, mapine inateseka, mubebe ya akiba mbili. Na mulale ndani ya parke, si inje, juu benye kulala ndani banafunguliwa geti saa moja mbele ya jua kutoka, na ile saa njo yenyewe. Kilometa tano za mwisho kuelekea Deadvlei ni muchanga tupu, tulipunguza mupepo mu mapine, tukapita bila kukwama. Kisha ni miguu.

Deadvlei ni kama sahani ya udongo nyeupe katikati ya milima ya muchanga myekundu. Zamani muto Tsauchab ulikuwa unafikisha mayi pale, miti ikaota, kisha muchanga ukafunga njia ya mayi. Miti ikakufa, lakini hewa ni kavu sana hata kuoza haikuoza, imesimama myeusi tangu myaka mamia. Musiiguse, musiipande. Mimi nilisimama mbele ya muti moja nikashindwa kupiga foto, machozi ilikuya tu, sijui kueleza vizuri.

Tulipanda Big Daddy, mulima ya muchanga ya mita karibu 325, hatua moja mbele, nusu inarudi nyuma. Yulu kabisa yaya alikaa chini, akatoa viatu, akamwanga muchanga, akaniuliza Walvis Bay iko upande gani. Nikamuonyesha kaskazini. Akaangalia ule upande murefu sana.

«Kumbe ilikuwa hapa tu,» akasema.

Hatukushuka paka jua ilipokuwa kali.