Alama ya CE kwenye mashine ya kukereza chuma kutoka China: nilivyoiweka sawa kabla ya kuiuza Ujerumani

Kabla ya kulipa salio nilidai tamko la ulinganifu, yaani karatasi ambayo mtengenezaji anathibitisha kuwa mashine inatimiza sheria za Umoja wa Ulaya; alama ya CE ndiyo ishara yake. Kiwanda kikaniletea cheti cha maabara chenye CE kubwa juu. Cheti cha namna hiyo hakichukui nafasi ya tamko. Tamko hutiwa saini na mtengenezaji mwenyewe, linataja aina na namba ya mashine, Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2006/42/EC kwa mashine, na 2014/30/EU kwa mwingiliano wa sumakuumeme. Pia lazima litaje mtu aliye ndani ya Umoja wa Ulaya anayeweza kuandaa jalada la kiufundi, yaani michoro, hesabu na vipimo vya mashine. Kipengele hicho ndicho hukosekana mara nyingi. Kiwanda kikigoma, nawe ukaiuza hivyo hivyo kwa jina lako, mzigo wa mtengenezaji ni wako: tathmini ya hatari, jalada la kutunzwa miaka 10, na saini. Mimi nilizuia salio mpaka karatasi zikakamilika.

Mashine ilipofika sikuiamini kwa karatasi tu. Ukifungua kinga ya chaki (kishikio kinachozungusha kipande cha chuma), mashine isiwake. Umeme ukikatika na kurudi, isijiwashe. Swichi nyekundu ya dharura ikibonyezwa ibaki imebonyea, na kuiachia kusiwashe chochote. Kisha nikapima insulesheni, yaani uwezo wa kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500 DC. Chini ya megaohmu 1 haifai. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umefungwa juu ya rangi kwenye mlango wa kabati la umeme. Rangi haipitishi umeme: kwangua hadi chuma king'ae, weka washa (ringi ya chuma) yenye meno, kaza, pima tena.

Stika ya CE inayofutika kwa kitambaa cha mafuta haina maana. Tulifunga kwa riveti kibati kilichochongwa: jina na anwani kamili ya kiwanda, jina la mashine, aina, namba, mwaka wa kutengenezwa, na CE isiyopungua milimita 5. Anwani yangu niliiongeza pembeni.

Kitabu cha matumizi kilitafsiriwa kwa Kijerumani, kwenye ukurasa wake wa mbele kikaandikwa “Übersetzung der Originalbetriebsanleitung” (tafsiri ya maelekezo asilia), na nakala ya asili ikaambatanishwa. Mnunuzi akipewa cha Kiingereza pekee, bado hujamaliza kazi.

Mwenye mzigo wa kufika kuanzia 20 Januari 2027 aanze kusoma Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/1230, inayochukua nafasi ya Maelekezo 2006/42/EC. Ndiyo itakayotumika, na wajibu wa mwagizaji umeandikwa humo waziwazi.