Siku moja na tangi la farumi linalovuja

Saa 1 asubuhi. Iliyo juu ya trela leo ni MacGregor 26X, zile boti za tanga za futi 26 zilizoundwa Costa Mesa, California, kati ya 1996 na 2002. Haina mkuku (uti wa chini wa boti) mzito wa madini ya risasi. Kinachoizuia isipinduke ni tangi la farumi, yaani uzito wa kuituliza boti, chini ya sakafu, linalochukua takriban lita 680 za maji. Boti ikishashuka majini unafungua valvu ya nyuma, maji yanaingia yenyewe na hewa inatokea kwenye tundu la mbele, chini ya kitanda cha omo (sehemu ya mbele ya boti). Kabla ya kuivuta barabarani, maji yanamwagwa. Mwenye boti analalamika kwamba kila akirudi anakuta kabini imelowa.

Usikubali mara moja kwamba ni tangi. Onja maji kwenye ncha ya ulimi: yakiwa matamu, huenda ni mvua iliyopitia madirishani au kwenye skrubu za sitaha. Haya ni ya chumvi. Basi toa magodoro na vifuniko vyote, kausha kila pembe kwa spanji na matambara, kisha zungushia tishu kavu kila bolti, kila kona na kila maungio. Tishu huonyesha tone ambalo jicho halilioni.

Saa 2. Kujaza. Trela haikutengenezwa kubeba boti na farumi yake kwa pamoja, kwa hiyo weka kabari kwenye magurudumu, stendi za jeki mbele na nyuma, na isisogezwe hata hatua moja. Funga valvu, ingiza mpira wa maji kwenye tundu la hewa, mimina na chupa ya rangi nyekundu ya chakula. Mpira uwe mwembamba kuliko tundu. Ukilibana, hewa haina pa kutokea, na shinikizo la bomba la mtaa linatosha kabisa kupasua tangi. Kwa lita 15 kwa dakika, inachukua kama robo tatu ya saa. Acha maji yakifika sentimita chache chini ya tundu.

Saa 3. Tazama nje kwanza. Valvu ikidondosha, mara nyingi ni mchanga au kigamba cha baharini kilichoganda pale bamba linapokalia mpira wake. Safisha, kagua mpira kama umekauka au umechanika, paka grisi ya silikoni. Grisi ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira, na wiki chache baadaye valvu inakwama. Angalia pia mfereji wa ubao wa katikati, ule unaoshushwa majini ili boti isisukumwe pembeni, maana kuta zake zinapita ndani ya tangi.

Saa 4. Ndani. Tishu karibu na mguu wa nguzo inayobeba mlingoti imegeuka nyekundu, na nyingine pembeni mwa betri. Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kupaka. Subiri. Kati ya sakafu ya kabini na paa la tangi kuna nafasi, na maji hutambaa humo yakatokea mbali na tobo. Tone linakuonyesha upande tu. Ila hapo kwenye betri hakuna fumbo: mtu amefunga sanduku lake kwa skrubu ndefu bila kujua chini kuna nini. Skrubu za namna hiyo, za rafu, za betri, za mguu wa meza, zinatoboa matangi mengi kuliko mwamba wowote.

Saa 6 mchana tangi limemwagwa. Sasa ni zamu ya hewa. Ziba tundu la mbele kwa kizibo cha mpira chenye vijibomba viwili: kimoja cha pampu ya baiskeli, kingine cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Pampu mpaka tofauti ya maji ifike sentimita 20, usizidishe. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini tayari kila mita moja ya mraba ya paa la tangi inasukumwa kwa nguvu ya kilo 200. Geji ya tairi haiwezi hata kukisoma. Paka maji ya sabuni, fuata mapovu.

Fanya kivulini. Hewa ya tangi ikipata joto nyuzi 1 tu, maji ya kwenye U yanaweza kupanda sentimita 3 hivi, ukadhani tangi ni zima kumbe jua linakudanganya.

Mapovu yametoka kwenye skrubu mbili za betri na moja ya mguu wa nguzo.

Saa 8. Ng'oa skrubu. Kuna silikoni ya zamani ya kuzibia, na ndiyo inayokula muda: ikibaki hata utando wake, gundi ya epoksi haishiki. Ikwangue yote, futa kwa asetoni, ndipo upige msasa namba 80. Ukianza na msasa unaisugulia silikoni ndani ya faibaglasi. Panua tundu kwa keekee ya milimita 10, kausha kingo kwa feni, paka epoksi nyepesi kwanza, halafu jaza epoksi iliyokolezwa unga wa silika mpaka isidondoke kwenye kijiti. Hadina, yaani kigumishi kinachochanganywa na epoksi, ipimwe kama chupa inavyosema. Ukizidisha, haiwahi kukauka, inabaki laini. Juu yake laza vitambaa vitatu vya faibaglasi, kila kimoja kipana kuliko kilichotangulia.

Resini ya poliesta ni ya bei nafuu zaidi, ila juu ya faibaglasi iliyokwisha kukauka haishiki kama epoksi. Kwa tangi, bei isikushawishi.

Saa 11 jioni. Sanduku la betri litarudi kwa kugandishwa kwenye kibao, bila skrubu. Mguu wa nguzo utapata skrubu fupi, zilizopimwa unene wa sakafu na kuzungushiwa utepe wa butili, mpira laini unaonata. Kesho epoksi ioshwe kwa maji na dodoki la kusugulia kuondoa utelezi wake, kisha pampu hewa mpaka sentimita 20 tena, kivulini. Maji yakikaa pale pale nusu saa, fungua kizibo.