Kitu kilicho sawa na chenyewe

Swali alilokuja nalo mpwa wangu wa Kidato cha Pili jioni hii ni zuri mno. Msambamba ABCD (pande zinazotazamana ziko sambamba), pembe D ikiwa kali. Nukta E iko kwenye upande DC, na AE ni sawa na AD. Thibitisha kuwa pembe AED ni sawa na pembe ABC.

Akatoa kipimapembe: nyuzi 65 huku, 65 kule. "Mjomba, si zimelingana?" Zimelingana kwenye mchoro wake. Mimi nilitaka misambamba yote ya namna hiyo, hata ile ambayo hakuna atakayeichora.

Njia yenyewe ni fupi. Pembetatu ADE ni pacha, yaani ina pande mbili sawa, hivyo pembe ya E ni sawa na ya D. Katika msambamba, D na B zinatazamana, nazo ni sawa. D ndiye mshenga kati ya E na B.

"Nani kasema pembe za kitako, D na E, ni sawa?" akauliza. Hapo nikafurahi kwelikweli. Vitabu vingi hugawa pembe ya juu kwa mstari. Mimi nampenda zaidi Pappus wa Alexandria, mwanahisabati wa karne ya 4, ambaye hachori chochote. Huilinganisha pembetatu na yenyewe ikiwa imegeuzwa: AD kwa AE, AE kwa AD, na pembe A ni ileile. Pande mbili na pembe iliyo kati yake zikilingana, D lazima ilingane na E. Tukakata karatasi, tukaigeuza, kona ikakaa juu ya kona.

Kwenye msambamba tukachora ulalo AC. Pembe zinazopishana ni sawa, AC ni upande wa pamoja, basi pembetatu ABC na CDA zinalingana, na B ni sawa na D.

Wanafunzi wengi huruka ule mstari wa "AC ni ya pamoja" kwa kuuona wa wazi mno. Ukiufuta, hujathibitisha kuwa pembetatu hizo zinalingana, kwani pembe peke yake hazisemi lolote kuhusu ukubwa wa pembetatu. Pappus naye kasimama juu ya pembe A kuwa sawa na yenyewe.

Sasa amekazana na la ziada: D ikiwa butu, E inaangukia kwenye CD iliyorefushwa kupita D, na pembe AED inakuwa sawa na ya C. Kwa nini?